Barua ya wazi kwa wasimamizi wa ardhi ya umma: Wangari aliandika, nasi tumeandika

Kwa Waziri wa Ardhi,
Mwenyekiti na Makamishna wa Tume ya Kitaifa ya Ardhi,
Mhifadhi Mkuu wa Misitu.

KUH: BARUA ZISIZOJIBIWA KUHUSU ARDHI YA UMMA

Waheshimiwa,

Machi 3 inakaribia tena, siku ambayo Umoja wa Afrika uliitenga mwaka 2012 iwe Siku ya Wangari Maathai, mtetezi wetu wa mazingira. Sihitaji kuona ratiba yenu nijue itakuwaje. Kutapigwa hema jeupe. Shimo litakuwa limechimbwa tangu jana yake na kijana wa kibarua, mche utafungwa utepe, na sepeto itakuwa mpya kabisa, karatasi ya bei bado imebandikwa mpinini. Mkubwa atamwaga udongo kidogo, kamera zitalia, hotuba itamtaja mama wa miti, na kabla maji hayajanywea shimoni msafara utakuwa umeshaingia barabara kuu.

Machi 3 ya mwaka 1992 Wangari Maathai alikuwa amelala chini katika bustani ya Uhuru Park, hana fahamu, baada ya kupigwa na polisi. Alikuwa amekaa pale siku kadhaa pamoja na akina mama wazee waliogoma kula wakidai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe. Baadhi ya akina mama hao walipoona virungu vinashuka walivua nguo zao mbele ya askari. Nanyi mmezaliwa nchi hii, mnajua mama wa umri ule akikuvulia nguo amekutupia laana gani. Baada ya hapo walihamia chini ya kanisa kuu la All Saints, jirani tu na bustani, wakakesha huko karibu mwaka mzima.

Tarehe hizo mbili zimeangukiana kwa bahati ya kalenda, kwa sababu Machi 3 ilikuwa siku ya mazingira ya Afrika miaka mingi kabla hajafariki. Naikubali bahati hiyo na nitaitumia, maana sijasikia hotuba hata moja ya siku hiyo iliyogusa mwaka 1992.

Lengo langu si kuwaharibia sherehe. Nimekuja na madai. Mmemrithi mama huyu nusu nusu: mmechukua miti, mkaacha barua.

Miti ni kweli, wala si mimi nitakayeipunguza. Juni 5, 1977 alipanda miche saba katika uwanja wa Kamukunji, na vuguvugu la Green Belt lililoanzia hapo limepanda zaidi ya miti milioni 51. Wanawake wa vijijini, wengi wao wasiokuwa na cheti chochote, waliotesha mbegu katika makopo mabovu na vipande vya vyungu, wakalipwa senti chache kwa kila mche ulioshika. Watu wa misitu wenye digrii walikuwa wakidai kazi hiyo ina wenyewe. Wakaaibika.

Lakini mti lazima usimame mahali. Ukishauliza utasimama wapi, umeshafika kwenye maswali ambayo hayapendwi katika afisi zenu: hapa ni pa nani, hati iko kwa nani, na aliipataje? Wangari aliyafikia mapema. Na tangu alipoyafikia, alichokishika mara nyingi kuliko jembe kilikuwa kalamu.

Mwishoni mwa 1989 alipata habari kwamba ndani ya Uhuru Park litasimamishwa jumba la ghorofa 60 kwa ajili ya chama tawala cha KANU na gazeti lake la Kenya Times, pamoja na sanamu kubwa ya Rais Moi. Mshirika wa biashara hiyo alikuwa bwenyenye wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell. Hakuita watu waje na mawe. Aliketi akaandika. Aliwaandikia wenye gazeti, akaiandikia Afisi ya Rais, wasimamizi wa jiji, mkuu wa mkoa, na mashirika ya Umoja wa Mataifa. Alimwandikia hata balozi wa Uingereza, akimuuliza kama kwao wangekubali jumba kama hilo liote katikati ya Hyde Park. Zilikuwa barua za adabu, na maswali yaliyokuwamo ni ya aina ambayo afisa mwenye faili mbele yake huyajibu kwa ukurasa mmoja kabla ya chai ya saa nne.

Jibu halikuja kwa bahasha. Lilikuja Bungeni, ambako wabunge waliacha kazi iliyowaweka pale wakamjadili yeye na ndoa yake iliyovunjika, huku wakicheka. Lilikuja kwa notisi ya saa 24 ya kuliondoa vuguvugu lake katika jengo la serikali, hata likahamishia meza na mafaili nyumbani kwake, mtaani South C. Lilikuja Jamhuri Dei, Desemba 12, kutoka kwa Rais mwenyewe, kwamba wanaopinga jumba wana wadudu kichwani, na kwamba mwanamke wa Kiafrika anayejua mila huwaheshimu wanaume akanyamaza.

Akaenda kortini. Mahakama Kuu ikaitupa kesi Desemba hiyohiyo kwa hoja kwamba hana haki ya kuileta: bustani si yake binafsi, na hakuna dhara alilofanyiwa yeye ambalo wengine hawakufanyiwa. Naomba msome hoja hiyo polepole. Inamaanisha kwamba mali ikiwa ya mtu mmoja, yupo wa kuitetea. Ikiwa ya watu wote, hakuna.

Jumba halikujengwa. Wenye fedha wa nje waliona kelele zimezidi wakarudi nyuma. Leo ukipita Uhuru Highway ukageuza shingo upande wa bustani unaona nyasi, watoto, wapiga picha wa kukodi, na mbingu. Mbingu hiyo ilinunuliwa kwa stempu za posta.

Miaka kumi baadaye ikawa zamu ya Karura, msitu wa hekta kama 1,000 ndani ya Nairobi, ambao ulikuwa umemegwa na kugawiwa watu ambao hamkutaka kuwataja. Januari 8, 1999 alikwenda langoni na wenzake, wakiwamo wabunge na waandishi wa habari, wakiwa na miche mkononi. Walinzi wa kukodiwa wapatao 200 waliwaangukia kwa mijeledi, marungu na mawe. Akapasuliwa kichwa. Alipofika kituo cha polisi kuandikisha taarifa, aliitia sahihi kwa damu yake. Mimi hurudia kisa hicho kila ninapokutana na vijana, kwa sababu kinaonyesha jinsi mama huyu alivyoamini karatasi: hata akiwa anavuja damu, kitu alichokwenda kutafuta kilikuwa fomu ya kujaza. Agosti mwaka huo Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Karura ipo mpaka leo, na wengi wanaokimbia humo asubuhi wakiwa na viatu vya bei hawajui walilipiwa na nani kiingilio.

Tulipoandika Katiba ya 2010 ilikuwa kama tunazijibu zile barua za 1989. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda kortini kutetea mazingira bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara. Cha 62 kinaeleza ardhi ya umma ni ipi. Cha 40 kinasema ulinzi wa mali hauifikii mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa ninyi siku 21 za kujibu. Kwenye maandishi, kila mlango alioubisha Wangari umefunguliwa.

Sasa niwaambie yaliyonipata nilipobisha.

Kijijini kwetu, upande wa milima ya Aberdare, pana mahali ambapo kila mtu wa rika langu anapaita pa josho. Ng'ombe wa lokesheni nzima waliogeshwa pale mpaka huduma ilipokufa, kama zilivyokufa huduma nyingi. Mfereji wa saruji bado upo, umeota majani kwenye nyufa, na chini yake kidogo kuna chemchemi ambayo haijawahi kukauka. Kikundi chetu cha miche kimekuwa na kitalu pembeni ya chemchemi hiyo, chifu akijua, wazee wakijua. Asubuhi moja akaja soroveya na vijana wawili. Wakanyosha kamba, wakachimba, wakasimika bikoni nne za saruji, alama za mipaka, moja katikati ya miche yetu ya mti wa muiri. Tulipouliza kulikoni tuliambiwa pana mwenyewe. Ni nani? Ana hati. Hati ya lini? Nendeni afisi ya ardhi.

Mimi ni mwalimu mstaafu na ndimi katibu wa kikundi, kwa hivyo nikaandika. Maswali matatu, kurasa moja na nusu, nakala mbili. Afisi yenyewe sitaitaja, kwa sababu nimeongea na watu wa kaunti nyingine na kisa ni kilekile. Karani alikuwa binti wa heshima. Aligonga muhuri nakala yangu, akaandika tarehe kwa kalamu nyekundu, akaniambia, "Mwalimu, rudi baada ya wiki mbili." Niliporudi faili ilikuwa mezani kwa afisa. Niliporudi tena afisa alikuwa semina. Kisha kaunta ikabadilisha karani, na huyu wa pili akanieleza kwamba faili haionekani. Haionekani, kama mbuzi aliyekata kamba. Nikamuuliza inawezekanaje faili ya ardhi ya josho ipotee na hati ya mtu binafsi juu ya ardhi hiyohiyo isipotee. Alinitazama kwa huruma, akaita mtu anayefuata. Mzee aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, anayefuatilia ploti ya kanisa, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hilo lingekuwa lalamiko langu tu, na malalamiko mnayo ya kutosha. Kilichonifanya niandike hadharani ni mkutano tuliofanya baadaye chini ya miti ya shule. Vijana walitaka kung'oa bikoni usiku, na wengine walitaka zaidi ya hapo, kwa maana jina la huyo mwenye hati lilikuwa limeanza kunong'onwa, na jina hilo lina kabila. Tulibishana mpaka giza likaingia. Nikawaambia habari za Wangari, za barua, za Uhuru Park. Kijana mmoja niliyemfundisha hesabu darasa la sita akasimama akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwalimu, wewe umeandika. Wamekujibu?"

Sikuwa na la kumwambia. Bikoni bado zipo, vijana wamenisikiliza kwa sasa, lakini wamenisikiliza kwa heshima tu, si kwa sababu nilishinda hoja. Waheshimiwa, mtu anayewaandikia ninyi barua ameshaamua kuacha panga nyumbani. Amekuja kwenu kwanza. Mkimnyamazia, mnamvunja nguvu yeye, mnawapa nguvu wale waliomwambia tangu mwanzo kwamba anapoteza wakati.

Wangari aliliona hilo likitokea kwa nchi nzima. Ghasia zilipowaka Bonde la Ufa kuanzia mwishoni mwa 1991, alizunguka na wenzake kwa waliofukuzwa na kwa majirani zao, akiwapa watu wa jamii zilizokuwa zikiuana miche waipande pamoja. Waliiita miti ya amani. Serikali ilizuia semina zake, ikafunga maeneo yaliyoathirika, na mwaka 1993 ikabidi ajifiche. Alikuwa akisema waziwazi kwamba nyuma ya mishale kuna wanasiasa, na kamati ya Bunge iliyoongozwa na mbunge Kiliku ilikuwa imeshasema hivyo mwaka 1992. Wanasiasa walileta kiberiti, ila kuni walizikuta: mashamba ambayo kila upande ulikuwa na hadithi yake ya jinsi yalivyogawiwa, na afisi ya ardhi haikuwa na kumbukumbu ambayo pande zote mbili ziliiamini. Mwaka 2008, baada ya uchaguzi, tukazika tena watu zaidi ya 1,100. Wapatanishi walipoketi waliiweka ardhi katika Ajenda ya Nne, miongoni mwa mambo ya kurekebishwa kwa kina ili yasirudie. Hayo mnayajua kuliko mimi, yamo katika makabati yenu.

Makabati yenu yana mengi. Desemba 2004, mwezi uleule ambao Wangari alisimama Oslo kupokea Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata, hapa nyumbani ilichapishwa ripoti ya Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma. Ilikadiria hati zilizotolewa kinyume cha sheria kuwa kama 200,000. Karura imo. Nyumba za serikali zimo, barabara zimo, viwanja vya shule vimo, na majina ya waliogawiwa yamo katika viambatisho vinene kuliko ripoti yenyewe. Ilipendekeza hati hizo zifutwe na ardhi irudi. Mtoto aliyezaliwa siku ilipochapishwa ameshafika umri wa kupiga kura.

Msiniambie sheria inawafunga mikono. Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya ardhi ya Nyali, Mombasa, kipande kilichozungushiwa ukuta na kuziba njia ya umma ya kushuka baharini. Ardhi ile iligawiwa mwaka 1989 kwa Rais wa wakati huo, ikauzwa, ikauzwa tena, na mnunuzi wa mwisho akaja na hati safi mkononi. Mahakama ikasema hati haiwezi kuwa safi ikiwa mzizi wake ulikuwa mchafu. Anayenunua ardhi ya umma iliyogawiwa visivyo hakingwi na kutojua kwake. Wavuvi na watoto wa Nyali walirudishiwa njia yao. Nauliza, kwa nini kaunti moja iliyojitia ujasiri wa kubomoa ukuta ndiyo itufungulie njia, ilhali kuna Tume nzima iliyoundwa kwa kazi hiyo?

Na Tume imepewa kazi hiyo kwa maneno yasiyo na utata. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinaiamuru iitambue ardhi ya umma na kuweka hifadhidata yake yote, kila kipande kikiwa na vipimo vyake vya ramani. Hifadhidata hiyo ingekuwa wazi, mimi nisingeandika barua yoyote. Ningekwenda kwa chifu nikatazama orodha ukutani: shule, zahanati, josho, chemchemi, njia ya ng'ombe, makaburi. Mlizindua mfumo wa ardhi wa mtandaoni, Ardhisasa, Aprili 2021, na sina hamu ya kurudi enzi za mafaili yenye kuliwa na mchwa. Lakini mfumo ule unamfaa mwenye namba ya ploti, anayetaka kununua, kuuza au kukopa. Mama anayetaka tu kujua kama uwanja wanakochezea wanawe umeshapata mwenyewe aanzie wapi?

Wako waliojua tayari kumechelewa. Januari 19, 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirudi kutoka likizo wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Wakausukuma kwa mikono. Polisi wakawarushia vitoa machozi, watoto wa sare, wengine hawajafika kimo cha ukuta wenyewe. Nchi ikaona picha, nchi ikaona haya, na amri ikatoka juu kwamba shule zote za umma zipatiwe hati. Ilibidi watoto waingie kwenye moshi ndipo itoke. Ningependa Tume ichapishe, kaunti kwa kaunti, ni shule ngapi zimeshapata hati hizo na ni zipi bado.

Kwako Mhifadhi Mkuu wa Misitu, nina neno zito kidogo, na nitalisema kwa uangalifu kwa kuwa napenda misitu kama wewe. Serikali imeahidi miti bilioni 15 ifikapo 2032. Vizuri, kitalu chetu kitachangia. Lakini katika msitu wa Mau kuna watu wanaoitwa Ogiek, wafuga nyuki na wawindaji tangu enzi za mababu, na jina la miti limetumika kuwafukuza. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, iliamua Mei 2017 kwamba haki zao zimevunjwa. Juni 23, 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi milioni 157.85 na ardhi ya mababu zao iwekewe mipaka na kuandikwa kwa jina la jamii yao. Novemba 2023, ilhali wino wa amri hiyo haujakauka, maboma yao yalibomolewa huko Narok.

Sitamtia Wangari maneno kinywani. Alikuwa mkali kwa walioingia msituni kulima, aliupinga mfumo wa shamba, yaani kulima vyakula ndani ya misitu ya serikali, na aliililia Mau hadharani. Sina hakika angekubaliana na kila kitu ninachoandika hapa. Ila namjua kwa jambo moja: hakuwahi kumwona mwenye ghorofa na mwenye mzinga kuwa adui mmoja. Karura aliwafuata waliogawiwa ekari kwa kalamu ya afisini, hakuwafuata akina mama wanaookota kuni. Ukiwa na hukumu ya mahakama mezani na huitekelezi, usituambie unalinda msitu. Unalinda mazoea.

Tena tusidanganyane kuhusu amani. Kila mwanasiasa wa nchi hii hulitaja neno amani akimaanisha kimya. Wangari alikuwa mtu wa amani na alikuwa na kelele kweli kweli. Alikamatwa mara nyingi. Januari 1992 alijifungia nyumbani siku tatu, polisi wakakata vyuma vya dirisha kumtoa. Machi 2001 alikamatwa tena, akiwa anahamasisha watu dhidi ya kumegwa kwa misitu. Kote huko hakurusha jiwe. Kifungu cha 37 kinatupa haki ya kukusanyika na kuwasilisha malalamiko kwa amani, bila silaha, na bado Juni 2024 tulizika makumi ya vijana waliotoka barabarani kupinga mswada wa fedha, wengi wao na bendera na chupa ya maji. Mkimpiga risasi mwenye bendera na mkamnyamazia mwenye barua, mmewabakishia watu njia ipi?

Ninachoomba hakihitaji bajeti ya ziada. Fungueni orodha ya ardhi ya umma, mkianza na lokesheni moja tu kwa kila kaunti ikiwa zote ni nyingi, ibandikwe kwa chifu na iwekwe mtandaoni pasipo kudaiwa namba ya ploti wala ada. Wekeni hadharani ratiba ya kutekeleza amri ya Arusha, yenye tarehe, na jina la afisa anayehusika. Na kila barua kuhusu ardhi ya umma inayogongwa muhuri katika kaunta zenu ijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 21 za sheria, hata kama jibu ni kwamba mwenye hati ana haki yake. Jibu baya naweza kulipeleka mahakamani. Ukimya hauna neno la kupinga mbele ya hakimu.

Kuhusu josho letu, narudia maswali yangu matatu hapa ili msihangaike kutafuta faili: ardhi ile imeandikwa kwa jina la nani katika daftari lenu, ilitoka lini katika mikono ya umma, na ni tangazo gani la gazeti rasmi la serikali lililotujulisha?

Barua hii nimeipeleka kwa mkono katika afisi zenu tatu, na nakala kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ndiyo nitakayoiendea siku ya 22. Baraza la chifu kwetu huketi Jumatano. Jibu likija, zuri au baya, nitalisoma pale neno kwa neno, na yule kijana niliyemfundisha darasa la sita nimeshamwambia aje.

Wenu mtiifu,
Mwalimu mstaafu na katibu wa kikundi cha miche